Alama Saba za Kirrily

Nyasi za uwanja wa ndege wa Yarrabil hazijikati zenyewe. Nasema hivi kwa sababu klabuni kwetu wapo watu wanaoamini kwamba zinajikata. Wanafika Jumamosi asubuhi, wanakuta uwanja umelala vizuri, chai ipo, choo kina karatasi, viti vya majaji vimepangwa vikitazama juu, na hawaulizi. Ni mimi niliyezikata, katika joto la Machi ambalo mwaka ule liligoma kuondoka, nzi wakinywa jasho langu. Kila nilipofika mwisho wa uwanja na kugeuza trekta nilisema moyoni: klabu hii na ife, nikalale.

Ni klabu ya sarakasi za angani. Hatuendi safari, hatubebi watalii. Ndege tunaibinua, tunaiweka chali, tunaipandisha wima mpaka ipoteze nguvu, tunairudisha, na chini wapo majaji wanaotoa alama sifuri mpaka kumi. Klabu waliianzisha marehemu mume wangu na kaka yake, Desmond Pruett, enzi ambazo hangari ilijaa mpaka ndege nyingine zikawa zinalala nje na kondoo. Kisha wazee wakaanza kufa, wengine wakauza ndege, mimi masikio yangu yakaharibika na daktari akaninyima ruhusa ya kuruka. Tukabaki watu wa kuhesabika.

Chama cha jimbo nacho kikatunga sheria yake. Klabu ikishindwa miaka miwili mfululizo kuleta warukaji watano wa kwake, wakamilishe siku zote mbili za mashindano, inafutwa na watu wake wanaingizwa klabu kubwa ya pwani. Jaji mkuu hahesabiki, maana haruhusiwi kushindana, na jaji mkuu wetu ni Des. Mwaka uliotangulia walimaliza wanne. Mwaka huu tulikuwa wale wale wanne, na Kirrily.

Kirrily Staunton anaendesha mashine za kuvuna ngano kwenye mashamba ya watu, anaanzia kaskazini anateremka na msimu mpaka kwetu. Ana mabega ya kazi na mdomo wa kazi. Baba yake, Laurie, alikuwa rubani wa kunyunyizia mashamba dawa, na wilaya nzima inajua alivyokufa: aligeuka taratibu mno mwisho wa shamba la jirani, bawa moja likakosa hewa, ndege ikaanza kuzunguka kama pia ya mtoto huku inashuka, na chini hapakuwa na nafasi ya kuitoa. Siku Kirrily alipoingia klabuni kwetu hakutuzungusha. Alikaa, akavua kofia, akasema, "Nataka kuijua hiyo pia iliyomchukua mzee wangu. Niijue kwa mikono yangu. Hayo mengine yote ni nyongeza."

Des akamfundisha. Mwaka mzima nilikuwa nawasikia wakirudi hangarini wakibishana, yule mzee mkavu na yule dada wa mavuno, na sikumbuki lini nilimsikia Des akicheka kiasi hicho tangu tumzike ndugu yake.

Ijumaa mchana, kabla ya mashindano, kamati ilikaa. Kamati ni neno kubwa: ilikuwa Glenys Hartnoll, mwenyekiti wetu, ambaye pia anaruka, ambaye pia anaoka keki za nazi, nilikuwa mimi, na Des kaitwa.

"Mzee," Glenys akaanza, "tunakuomba kitu kimoja tu."

"Mtu akianza na kitu kimoja tu, najua mzigo unakuja."

"Kesho usimpige Kirrily sifuri."

"Akiruka vizuri nitampigia nini sifuri?"

"Na akikosea?"

"Hapo atakuwa kajipiga mwenyewe. Mimi nasema tu nilichoona."

"Mzee, yule daktari wa meno mwaka jana ulimpa sifuri mbili kwa siku moja! Hakungoja hata soseji. Alipakia vitu vyake, tukaona vumbi."

"Aliruka mpango wa mwaka juzi!" Des akapiga meza. "Tulimpa karatasi ya mwaka jana, yeye kakariri ya mwaka juzi, kaenda juu kaicheza yote kwa raha zake. Nimpe ngapi? Nimpe pole?"

"Ungempa pole angebaki," nikasema.

Des akanigeukia polepole. "Hata wewe, shemeji?"

"Hata mimi. Nimechoka kukatia nyasi watu wasiokuja."

Des alizungusha kikombe chake mezani, akatazama ukutani ambako kuna picha ya mume wangu amekaa juu ya gurudumu la ndege yao ya kwanza, amekunja mikono kwa madaha. Kisha akanyanyuka, akatoka nje bila kumaliza chai. Glenys akaniuliza, "Umeona? Amekubali au amekataa?" Nikamwambia sijui. Kusema kweli nilikuwa sijali, nilikuwa nawaza mgongo wangu.

Jumamosi kukapambazuka bila wingu. Kabla ya kuruka, warukaji wetu wana ngoma yao. Kila mmoja anajitenga pembeni na karatasi ya mpango, yaani orodha ya mizunguko ya siku hiyo, ananyoosha kiganja ndiyo ndege, anatembea, anainama, anazunguka, anarudi nyuma, macho nusu yamefumbwa. Ukipita barabarani usiyejua utapiga simu polisi. Kirrily miezi ya kwanza alikataa katakata. "Mimi sichezi hii ngoma yenu ya vichaa," alikuwa akisema, na warukaji wenzake, ndugu wawili wa shamba la kanola, zao la mbegu za mafuta, wakimtania kwamba anaogopa kuonekana na kondoo. Asubuhi ile nilimwona nyuma ya tangi la mafuta, na buti zake za shambani, kiganja mbele, akizunguka taratibu na kushuka mpaka goti likagusa nyasi, tena na tena. Alikuwa akirudia kitu kimoja, kile cha kwanza kwenye mpango. Pia.

Mimi kazi yangu kwenye mashindano ni kuwa mwandishi wa jaji. Jaji haondoi macho angani tangu ndege inapotikisa mabawa kuomba kuanza mpaka inapotikisa tena kuaga. Yeye anasema, mwandishi anaandika. Nimemwandikia Des kwa miaka. Nazijua pumzi zake. Kiti cha pili alikaa Glenys, kwa sababu darasa la wanaoanza si darasa lake. Cha tatu alikaa jaji mgeni aliyeletwa na chama, kijana mpole aliyewekwa upande mbaya wa jua.

Ndege ya klabu ikatikisa mabawa juu yetu.

Niseme hiyo pia ni nini, maana bila hilo hakuna hadithi. Unapunguza nguvu, unainua pua, unangoja mpaka mabawa yachoke yaache kubeba. Hapo unakanyaga pedali moja, na ndege inaangukia upande, inazunguka, inashuka. Ikiwa ya kweli, spidi inabaki ndogo, kwa sababu ndege hairuki tena, inaanguka. Lakini ukiwa na woga, usipoinua pua ya kutosha, mabawa hayachoki. Ndege inazunguka, ndiyo, inashuka, ndiyo, ila bado inaruka, na spidi inapanda. Mtu wa kawaida akiwa chini haoni tofauti. Kutoka kwenye ya kweli kuna njia yake, na kutoka kwenye ya uongo kuna njia yake, na ukizichanganya ukiwa karibu na ardhi hupewi nafasi ya kusahihisha. Kwa majaji, pia ya uongo ni sifuri, na haina mjadala.

Kirrily aliinua pua. Nikaiona inasita. Alikuwa peke yake, na ndege ile ikikosa mtu wa kiti cha nyuma huwa mvivu kuingia kwenye pia. Ilipinda, ikazunguka, ikashuka, na nikasikia sauti ya upepo ikikua juu ya mabawa. Hata masikio yangu haya mabovu yaliisikia.

"Moja, pia," Des akasema.

Kalamu yangu ikangoja. Ndege ilikuwa imeshanyanyuka inaelekea kwenye kitanzi, mchezo wa pili. Des alikuwa bado kidevu juu.

"Saba," akasema.

Nilimtazama. Mwandishi haruhusiwi kusema neno. Mtu aliyewahi kumpa sifuri ndugu yake wa damu siku ya fainali, wakaenda nyumbani gari moja bila kuzungumza, leo kasema saba. Nikaandika saba. Nilisikia nafuu, sitaficha, na papo hapo nikajiona mwizi. Glenys upande wa pili alisema sita na nusu, haraka haraka, kama anayelipa faini. Yule mgeni akasema jua lilimpiga machoni, hakuona.

Mengine yote Kirrily aliyafanya safi. Kitanzi cha duara, mviringo mzuri, kupanda wima akageuka juu kabisa bila kuyumba. Matokeo yalipobandikwa ukutani mwa hangari alikuwa wa pili darasani kwake. Ndugu wa kanola wakampigia miluzi. "Dada kesho tunakunywa kwako!" mmoja akapiga kelele.

Kirrily alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu mno kwa mtu aliyefaulu. Halafu akaja kwenye meza ya chai, ambako Des alikuwa ameketi na mimi nakata mikate ya soseji.

"Mzee, pia yangu uliiona?"

"Niliiona."

"Ilikuwa nini?"

Des akakoroga kikombe kisicho na sukari. Glenys akadakia, "Ilikuwa mwanzo mzuri sana, mdogo wangu! Wa pili, mashindano ya kwanza! Unajua mimi mara ya kwanza nilikuwa wa ngapi?"

"Glenys, samahani, namuuliza Mzee." Hakupandisha sauti. "Spidi ilikuwa inapanda. Fimbo ilikuwa nzito mkononi. Nikajua huko huko juu nimeharibu. Nikashuka nasema sawa, sifuri yangu ile, kesho nitarekebisha. Nakuja nakuta saba. Sasa nimekaa pale nafikiri, labda mimi ndiye sijui. Labda ile ndiyo yenyewe, na mwaka mzima sijaelewa kitu." Akaweka kiganja chake mezani, kimefunguka. "Niambie tu. Kilichosema kweli ni huu mkono au ni ile karatasi?"

Des alivua kofia. Paji lake la uso lilikuwa jeupe pale kofia inapoishia, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba amezeeka.

"Mkono," akasema.

"Na saba?"

"Saba ilikuwa ya klabu."

Kirrily akatikisa kichwa taratibu. Aliangalia zile keki, akaniangalia mimi, akamwangalia Glenys ambaye tayari machozi yalikuwa yanamlenga. "Baba yangu hakuna aliyemdanganya," akasema. "Yeye alikosea tu." Akaondoka. Tulisikia gari lake likikanyaga kokoto mpaka barabara kuu.

"Hatarudi," Glenys akasema. "Mungu wangu, Ros, hatarudi."

Mimi niliosha vikombe. Des alienda mwenyewe ukutani, akakata saba kwa kalamu, akaandika sifuri, akasaini, kisha akasimama mbele ya watu wote waliokuwa wakila akawaambia alichofanya. Glenys naye, uso mwekundu, akaenda akakata ile yake. Hakuna aliyewacheka. Ndugu wa kanola walitazama viatu vyao.

Jumapili nilifika mapema kuweka viti, nikakuta gari la Kirrily kando ya hangari na yeye mwenyewe amekaa juu ya boneti, ovaroli ya kurukia imefungwa mpaka shingoni. Glenys alipomwona alikimbia. Mwanamke wa umri wake, na nyasi zina umande, akakimbia.

"Umekuja! Oh, umekuja! Wewe unaruka wa tatu, nitakutafutia..."

"Siruki mashindano," Kirrily akasema. Akamgeukia Des, ambaye alikuwa anakuja nyuma yangu amebeba kiti. "Mzee, kabla sijapanda peke yangu tena, nataka tupande wote. Unifanyie ya uongo, halafu ya kweli, halafu ya uongo, mpaka hata nikifumba macho niweze kukwambia ni ipi."

Nikaona rangi ikimtoka Glenys. Sheria iko wazi: mrukaji akipanda na mwalimu kabla mashindano hayajaisha, ametoka mashindanoni.

"Sikiliza, mdogo wangu," Glenys akamshika mikono yote miwili. "Ruka kwanza. Nenda juu, rudi, hata ukipata sifuri tupu, inahesabika. Hata ukiharibu yote! Mchana Mzee ni wako, kesho ni wako, mwezi mzima. Dakika chache tu, Kirrily. Tukikukosa wewe, hatuna klabu."

"Na mpango wa leo unaanza na nini?"

Glenys akamwachia mikono.

"Unaanza na pia," Kirrily akasema. "Unataka nikaifanye tena peke yangu, siijui, ili nihesabiwe?"

"Ungepewa sifuri jana," nikamwuliza, maana swali lilikuwa limenikaba tangu usiku, "leo ungeruka?"

"Ningeruka. Ningeondoka niende wapi? Ningekuwa nimejua nimekosea nini." Akavuta pumzi. "Jana usiku nililala nayo mkononi. Mara nasema ilikuwa ya kweli, mara nasema ya uongo. Sikuwa nayo shaka hiyo kabla hamjanipa alama."

Glenys akamgeukia Des. Alimtazama tu, na mimi nilimtazama, na ndani ya kutazama kule ilikuwamo hangari, na ndugu yake, na maisha yake yote ya Jumamosi.

Des aliweka kiti chini. Alikipanga vizuri kielekee juu, akakipangusa umande kwa mkono wa shati.

"Huyu hapandi peke yake," akasema. "Mimi ndiye mwalimu wake. Nimemtia shaka mimi, nitaitoa mimi. Glenys, mtafute yule kijana mgeni akalie kiti changu. Mwambie ahamie upande huu, jua lisimpige."

"Des," nikasema. Simwiti kwa jina, ila siku ile nilimwita. "Unajua unafanya nini?"

"Najua, shemeji. Jana ndiyo sikujua."

Walienda mbali, juu ya mashamba ya ngano iliyokwisha kuvunwa, nje ya sanduku la mashindano, lile eneo la anga linaloangaliwa na majaji. Ile ndege ndogo ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa ya kukunjia macho. Jaji mgeni alikaa kiti cha Des akaniuliza tunaanza lini. Nikamwambia angoje. Glenys alikuwa amekaa kwenye nyasi nilizozikata mimi, anang'oa moja moja.

Ndege ikainua pua, ikapinda, ikazunguka.

"Ya uongo," nikasema.

Ikapanda tena. Safari hii pua ilikwenda juu zaidi, ikasimama, na kwa kitambo kile hewa yote ilionekana kuiacha. Ikaangukia upande. Ikazunguka polepole, nzito, bila sauti, halafu ikakata mzunguko, ikanyooka, ikatoka.

"Ya kweli," Glenys akasema, hakuinua kichwa vizuri.

Wakarudia. Ya uongo. Ya kweli. Ya kweli tena. Ndugu wa kanola wakaja wakasimama nasi, mfamasia wetu, mrukaji wa nne, akaja na kikombe chake, na hakuna aliyeuliza mashindano yanaanza saa ngapi. Wote walikuwa wanajua kuhesabu. Tulikuwa wanne, na mwaka wa pili ulikuwa umetimia, na klabu ya Yarrabil ilikuwa imekwisha hapo hapo, mchana kweupe, sote tukiitazama.

Mimi niliyeiombea kifo kila nilipogeuza trekta, nilikaa kwenye kiti changu cha mwandishi nikalia kwa sauti, bila aibu, hadi yule kijana mgeni akaninyooshea leso yake. Juu kule ndege ikapanda mara nyingine, na safari hii tuliona ni Kirrily anayeishika, kwa jinsi ilivyokuwa na haraka kidogo. Akainua pua. Akangoja. Akangoja zaidi ya alivyongoja jana alipokuwa peke yake na woga wake, mpaka mabawa yakaacha. Akazungusha, akaitoa.

"Tisa," nikamwambia Glenys.

"Nane na nusu," akasema. "Alichelewa kuikata."

Nikamwambia ndiyo, alichelewa kidogo.